Fomu Iliyomsingizia Shemeji

“Mimi sikuandika mpya! Mkono huu haujawahi kuandika mpya!”

Shemeji alikuwa amesimama katikati ya chumba changu cha kushonea, kaishika simu yangu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya kwa mkia. Miwani kaipandisha kwenye paji la uso, shati kalifunga vifungo vyote mpaka shingoni, na joto lile lilivyokuwa.

“Kama hukuandika wewe, kaandika nani?” nilimuuliza bila kuondoa mguu kwenye cherehani. “Paka?”

“Niliandika imetumika. I-me-tu-mi-ka. Nikaiangalia kwa macho yangu mawili, ikakaa. Kugeuka tu, imekuwa mpya.”

“Basi macho yako nayo yamestaafu.”

“Shemeji, leo usinitanie. Leo sina meno ya kucheka. Nimeitwa mwongo!”

Hapo ndipo nilipoondoa mguu kwenye cherehani. Maana mtu huyu unaweza kumwita bahili, akacheka. Mwite mzee, atakuuliza mbona umechelewa kugundua. Lakini mwongo! Neno hilo lilikuwa halijawahi kumgusa hata kwa bahati mbaya.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu. Mtaani wanamwita Mhuri, na wengi jina lake la kuzaliwa hawalijui. Alifanya kazi posta miaka thelathini na mmoja, kwanza kwenye meza ya kuchambua barua, baadaye dirishani, akigonga mihuri. Bega lake la kulia liko chini kidogo kuliko la kushoto kwa ajili ya kugonga huko. Alipostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani na mwavuli. Saa ilikufa mwezi wa pili, na mume wangu, ambaye ni fundi redio, akaifungua kuitengeneza, ikafa zaidi. Mwavuli upo.

Anakaa chumba cha nyuma, ukivuka kiuwanja. Ukiingia unakuta kitanda kimoja, meza moja, taa ya kuinama, na stempu. Albamu kumi na nne zimepangwa kwa urefu, na makopo ya biskuti yamejaa zile ambazo bado hazijapata albamu. Alianza siku za ujana wake, kwa bahasha ambazo maofisi yalikuwa yanatupa kwenye mapipa. Akamwomba mkubwa wake ruhusa ya kuzichukua, tena ruhusa ya maandishi. Nani anaomba ruhusa ya maandishi ya kuchukua takataka? Mhuri. Ile barua ya ruhusa anayo mpaka leo.

Kazi yake ya asubuhi ni kukata kipande cha bahasha chenye stempu, kukilaza kwenye maji ya uvuguvugu, na kusubiri karatasi iachie. Kisha anaivuta stempu kwa kibano, anailaza kati ya magazeti, anaweka kitu kizito juu. Sahani zangu za supu nimezitafuta sana miaka hiyo. Pasi yangu nimeitafuta. Siku moja nilimkuta kaweka juu ya magazeti yake mkasi wangu mkubwa wa kukatia mapazia, na mimi nimeshamgombeza mteja kwamba kauiba. Marehemu mke wake alikuwa akiziita stempu zile wake wenza. “Leo nenda kalale na wenzangu,” akimwambia akichelewa mezani, na Mhuri anacheka mpaka kikohozi kinamkamata.

Wazo la kuuza mtandaoni lilikuwa langu, sikatai. Mimi nashona mapazia, na kwa mwaka mzima nilikuwa nayauza kwenye soko moja la simu ambapo mtu anauza chochote, kuanzia vijiko hadi mabati. Nikamwambia, shemeji, una stempu nne nne za aina moja, za nini? Uza zilizozidi, ununue albamu ya kumi na tano. Akafikiri siku tisa. Siku ya kumi akaja, kanyoa ndevu, akasema nimfungulie jina lake pale sokoni. Simu yake yeye ni ile ndogo ya vitufe, haipigi picha, kwa hiyo tukakubaliana atumie yangu, kila siku saa nne asubuhi, nikishamaliza mambo yangu.

Furaha aliyokuwa nayo! Alipiga picha stempu ya kwanza mara ishirini na sita. Akaandika maelezo marefu kama barua ya uchumba: rangi, mwaka, meno ya pembeni yote yapo, gundi ya nyuma imekwisha, mhuri umekaa kona ya chini. Ikauzwa. Ya pili ikauzwa. Mnunuzi wa tatu alikuwa daktari wa meno wa mji wa mbali, mkusanyaji kama yeye, akanunua stempu ya ndege mmoja mwenye mkia mrefu. Nilimwambia shemeji, huyo atakagua meno ya stempu yako mpaka ya mwisho. Kweli alikagua. Na aliyoyaona akayaandika hadharani, chini ya jina la shemeji, mahali ambapo kila anayepita anasoma:

“Muuzaji huyu si mkweli. Ametangaza stempu mbili mpya kabisa. Nimepokea moja, tena iliyopigwa mhuri.”

Ndiyo hiyo iliyomleta chumbani kwangu anafoka. Tukalifungua lile tangazo pamoja. Maelezo yake marefu yalikuwepo, neno kwa neno, pamoja na mhuri wa kona ya chini. Lakini juu yake, kwenye visanduku vidogo ambavyo fomu inauliza maswali ya haraka haraka, iliandikwa: Hali, mpya kabisa. Idadi, 2.

“Umeona?” akasema. “Mimi nina ndege mmoja. Mbili nitazitoa wapi?”

“Labda uligusa vibaya.”

“Sijagusa vibaya.”

“Kidole chako kinene, shemeji.”

“Kidole hiki kimepanga barua elfu mbili kwa siku na hakuna iliyokwenda nyumba isiyo yake!”

Akamrudishia daktari pesa yake siku ileile, na daktari akaituma stempu irudi. Shemeji akakaa kusahihisha. Akaifungua fomu, akafuta mpya kabisa, akaandika imetumika. Akafuta 2, akaandika 1. Akashuka mpaka chini, akagusa Tuma. Tukafungua kuangalia. Mpya kabisa. 2.

Akarudia. Mpya kabisa. 2.

Mume wangu akaitwa. Kwake yeye kila ugonjwa wa kitu cha umeme una tiba moja, kuzima na kuwasha. Akazima, akawasha. Akaipuliza pembeni kama anapuliza jivu. Akaigonga kidogo kwenye goti, nami nikamwambia akiigonga tena nitamgonga yeye. Shemeji akajaza upya. Mpya kabisa. 2.

“Ina kirusi,” akasema mume wangu, akarudi kwenye redio zake.

Sasa ninaomba mnielewe. Kwa mtu mwingine hili ni jambo dogo, unaacha kuuza, mambo yanaisha. Lakini wale wakusanyaji wa stempu wanajuana wote. Ni wachache, na wana mahali pao pa kuzungumza. Miaka yote Mhuri alikuwa anabadilishana nao stempu kwa barua tu, kwa kuaminiana, hakuna anayemwona mwenzake uso. Anatuma yake leo, ya mwenzake inakuja baada ya mwezi. Mtu mwenye sentensi kama ile chini ya jina lake nani atamtumia kitu? Wiki ile zilitakiwa zifike bahasha tatu. Haikufika hata moja. Shemeji alikuwa anakwenda sandukuni asubuhi, anarudi, anapita dirishani kwangu bila kunichokoza. Na mtu aliyezoea kuulizwa kila asubuhi kama ushungi wake ameshona mwenyewe au kaokota, kimya kama hicho kinamkera kuliko matusi.

Siku ya tatu ya kimya nikashindwa. “We Mhuri, umeoza ulimi?”

“Nafikiri.”

“Unafikiri nini?”

“Barua ikipotea,” akasema, “huendi kuitafuta kule ilikotakiwa kufika. Huko haipo, ndiyo maana imepotea. Unafuata mikono iliyopita. Barua ya rejista kila mkono unaoipokea unatia sahihi. Ukikuta sahihi inaishia kwa mtu, yeye ndiye anayo.”

“Na hii si barua.”

“Kilichoandikwa kikatumwa ni barua.”

Kesho yake nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwangu kwa pini zangu. Kaipiga mistari kwa rula. Tarehe, saa, aliyechukua simu, kazi, sahihi. Na pembeni nafasi mbili: alichoandika Mhuri, na kilichotokea. Akaniambia kuanzia saa hiyo, kila atakayeishika simu ile, hata kama ni kuangalia saa, atatia sahihi.

“Simu yangu mwenyewe?”

“Hata mkubwa wa posta akichukua barua ya rejista anatia sahihi.”

“Basi na mimi nitakutolea karatasi ya sahani zangu za supu.”

“Leta, nitasaini.”

Nilicheka, lakini nilisaini. Unafikiri ningefanya nini? Mzee kapiga mistari kwa rula. Jumatatu nikasaini, kazi: kupiga picha mapazia ya maua, pea moja. Yeye akasaini saa nne. Alichoandika: imetumika, 1. Kilichotokea: mpya kabisa, 2. Jumanne mimi nikasaini, kazi: mapazia ya kijani, pea moja. Yeye: imetumika, 1. Kilichotokea: mpya kabisa, 2. Mume wangu naye akasaini, kazi: kumpigia mteja wa redio, akachora sahihi kubwa ya mkia mrefu iliyokula mistari mitatu, shemeji akamkemea kama karani mgeni.

Jumatano akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ana dirisha pana kama ukuta, anataka vipande vitatu. Nikashona. Alhamisi asubuhi akatuma ujumbe kwamba rangi haikumpendeza mke wake, hawataki tena. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha nikayapiga picha mapazia yale nikayaweka sokoni. Nikasaini: mapazia ya bluu, vipande vitatu.

Saa nne na nusu shemeji akaingia, hafoki, anatembea taratibu kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Akaniwekea ile karatasi juu ya cherehani, juu ya kitambaa kabisa.

“Soma mstari wa mwisho.”

Nikasoma. Alichoandika Mhuri: imetumika, 1. Kilichotokea: mpya kabisa, 3.

“Tatu tena! Hii simu inazidi kuchanganyikiwa.”

“Haijachanganyikiwa hata kidogo,” akasema, akavuta kigoda akakaa. Na macho yake, jamani, yalikuwa yamerudi. “Nikuulize, shemeji yangu mpenzi. Humu ndani kuna kitu gani kinachouzwa viwili viwili, na kila siku ni kipya kabisa?”

Nilitazama mbele yangu. Mapazia. Nyuma yangu, mapazia. Begani kwangu, pazia.

“Na leo asubuhi,” akaendelea, pole pole, akinifaidi, “ni nani ametia sahihi ya vitatu?”

Nilihisi masikio yanapata moto. Siku zote nilizomwambia kidole kinene! Siku zote nilizomwuliza paka!

“Ngoja kwanza,” nikasema, maana mimi sikubali kosa kabla ya kulizunguka. “Mimi naandika kwenye jina langu, wewe kwenye jina lako. Mapazia yangu yataingiaje kwenye stempu zako?”

“Hicho ndicho bado sijui. Mkono nimeupata. Sasa natafuta mfuko.”

Tukasogeza viti viwili dirishani, vichwa vimegusana juu ya kioo cha simu. Akaanza kujaza nami nikitazama. Akaandika jina: stempu ya ndege. Sawa. Akaandika hali: imetumika. Akaandika idadi: 1. Akavuta fomu juu ili kushuka chini, visanduku vile vikatoweka machoni, akaandika maelezo yake ya uchumba. Sawa. Akafika cha mwisho kabisa, Anwani ya muuzaji. Alipokigusa tu, simu ikamletea anwani yetu, namba ya nyumba na ya sanduku, imeandikwa tayari. Akaigusa. Ikakaa. Chini yake kitufe cha Tuma.

“Simama hapo hapo,” nikasema. “Usitume. Rudi juu uangalie.”

“Juu nimeshapita.”

“Rudi.”

“Shemeji, nimeshakagua. Kila kisanduku nakikagua kabla ya kukiacha. Posta kilichopigwa mhuri hakirudi mezani. Ukianza kurudia rudia, magunia hayaondoki.”

“Hapa hakuna gunia! Rudi juu, mzee wewe mbishi, au nikurudishe mimi!”

Akarudisha kwa kidole, shingo upande, kama mtu anayelazimishwa kunywa dawa. Fomu ikashuka.

Hali: mpya kabisa. Idadi: 3.

Tulipiga kelele pamoja. Mimi nilisimama nikaangusha sanduku la vifungo, vikatapakaa chumba kizima. Mume wangu akaja mbio, bisibisi mkononi, akidhani tumevamiwa, akamkuta kaka yake amenishika mikono tunaruka kwenye vifungo kama watoto wa shule siku ya kufunga.

“Nani kafa?” akauliza.

“Hakuna!” shemeji akapaza sauti. “Ni anwani! Anwani ndiyo inayobeba!”

Kumbe hivi. Mwanzoni kabisa nilipoanza kuuza, nilichoka kujibu maswali yaleyale kila siku. Pembeni ya kila kisanduku kulikuwa na alama ndogo ya kugusa, imeandikwa Kumbuka jibu hili. Nikagusa kwenye hali, nikagusa kwenye idadi, nikagusa kwenye anwani. Hata leo, nilipoandika 3, niliigusa tena kwenye idadi. Jina na maelezo niliyaacha, maana kila pazia lina maneno yake. Majibu yale matatu simu iliyafunga pamoja kama mzigo mmoja. Ukiomba moja, yanakuja yote matatu, na yale mawili yanakwenda kukaa kule juu ambako hutazami, hata kama umeshaandika kitu. Wala simu haikujali nani anauza. Ilijua kuna mwenye simu mmoja, na mwenye simu anauza mapazia.

Mimi sikugundua kwa sababu kwangu majibu yalikuwa sahihi daima. Yeye hakugundua kwa sababu hakuna kitu duniani kingemrudisha mezani kwa barua aliyoipitisha. Na ile anwani haikumshtua, kwani ni yake pia, mlango wa mbele ni mmoja. Wale wanunuzi wawili wa kwanza, nadhani walisoma maelezo tu.

“Kwa hiyo mwongo ni wewe,” akaniambia mume wangu.

“Wewe ulisema kirusi.”

“Si uongo, nimekiona. Kinashona.”

Nikaondoa alama zote tatu mbele yao. Shemeji akajaza upya, akaandika anwani kwa mkono wake, herufi moja moja, ulimi nje kidogo. Kisha, bila kuambiwa, akarudi juu akaangalia. Akashuka. Akarudi tena. Akatuma. Tukafungua.

Hali: imetumika. Idadi: 1.

Alichukua kalamu akaenda kwenye karatasi ya mlangoni, akajaza nafasi ya mwisho, akapiga mstari chini kwa rula. Nyumba ikanukia chai muda wote wa mchana ule, maana nilichemsha sufuria mbili. Shemeji akakaa mlangoni kwangu anaokota vifungo na kuvipanga kwa rangi na matundu, akiniuliza kila baada ya dakika kama na watoto wangu nilizaa wawili wawili.

Lakini sentensi ya daktari ilikuwa bado ipo. Nikamwambia mwandikie ujumbe hapa hapa, mweleze. Akakataa. Akasema malalamiko ya kweli yanajibiwa kwa barua, na uchunguzi ukifanyika unatolewa taarifa. Akakaa kwenye meza yake chini ya taa ya kuinama, akaandika kurasa mbili na nusu. Nimezisoma. Zilianza na siku ya kwanza na kila kisanduku. Hakuna mahali alipojitetea kwamba yeye ni mtu mwema. Aliandika tu nini kilipita mikononi mwa nani. Akaambatanisha na nakala ya karatasi ya sahihi, ameiandika upya kwa mkono, pamoja na mkia wa sahihi ya mume wangu. Mwishoni akaandika: “Aidha, nimekurudishia bei ya stempu, lakini nauli uliyolipa kuirudisha kwangu bado unanidai. Tafadhali nitajie kiasi.”

Kisha akaniletea nitie sahihi chini, palipoandikwa: Aliyehusika.

“Aliyehusika! Utafikiri nimeiba gunia.”

“Unataka niandike mtuhumiwa?”

Nikasaini. Ila niliongeza mstari wangu mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba: “Daktari, kosa ni langu mimi wa mapazia. Huyu mzee ni mkweli mpaka anachosha.” Alitaka kukasirika kwamba nimechafua taarifa, lakini nilimwona akiisoma mara mbili kabla ya kuifunga.

Siku zilizofuata hakuna aliyezungumza habari ya barua, na hakuna aliyefikiri kitu kingine. Shemeji alikwenda sandukuni asubuhi na jioni, kana kwamba posta wameongeza zamu kwa ajili yake. Mume wangu, bila kuombwa, akaifungua tena ile saa ya ukutani. Mimi nilikata pazia la mteja fupi kwa kiganja kizima, jambo ambalo halijanitokea tangu nijifunze kazi.

Siku ya sita nipo juu ya ngazi kwenye nyumba ya mteja, napima dirisha, simu ikalia. Namba nisiyoijua.

“Wewe ndiye wa mapazia?” Sauti ya mwanamume, nzito, ina kicheko ndani.

“Inategemea nani anauliza.”

“Daktari wa meno.”

Nilishuka ngazi ile sijui kwa miguu ipi. Nikamwambia mteja dirisha halikimbii, nikamwambia daktari asikate, nikaenda nyumbani nusu mbio, futi ya kupimia inaning’inia shingoni, simu sikioni, daktari ananisimulia njiani kwamba taarifa ile ameisoma kliniki kwa sauti, na mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti amecheka mpaka wakasitisha kazi. Nikamkabidhi shemeji simu mlangoni kwake. Akajiweka sawa shati kabla ya kuipokea, utafikiri anaonekana.

“Ndiyo, daktari… Naam… Hapana, ni miaka thelathini na mmoja.” Nikaona bega lile la kulia linapanda kidogo. “Ahsante. Ahsante sana. Umenirudishia kitu kikubwa.”

Nikamnyang’anya simu, nikafungua soko mwenyewe huku daktari bado yumo hewani. Sentensi haipo. Mahali pake pameandikwa: “Kulikuwa na hitilafu ya fomu, muuzaji ameichunguza mwenyewe mpaka akaipata. Mwaminifu. Nitanunua kwake tena hata kesho.” Nikamsomea. Akataka nirudie. Nikarudia, nikaweka na manjonjo.

Kisha akaikumbuka nauli, akaidai simu yangu.

“Daktari, hukunitajia kiasi.”

Nilikuwa nasikia upande wa pili. Daktari alisema aachane nayo, ni hela ndogo mno. Shemeji akasema ndogo au kubwa ina mwenyewe. Daktari akasema amesamehe. Shemeji akasema hawezi kusamehewa kitu ambacho anaweza kulipa. Daktari akasema basi ndege yule amtumie tena, safari hii anajua ni mmoja na anajua katumika, atalipa bei yake, na nauli wameifuta. Shemeji akasema ndege atamtumia na nauli haifutiki. Watu wazima wawili, mmoja kaacha wagonjwa wamefumbua midomo, wanabishana juu ya bei ya bahasha.

Nikaivuta simu. “Daktari, nisikilize mimi. Tangu mwanzo aliyeiharibu fomu ni mimi, kwa hiyo nauli hiyo humdai yeye, unanidai mimi. Mimi sina posta wala rejista, mimi nina mteja nimemwacha na ngazi dirishani. Nitajie kiasi.”

Akacheka, akataja. Haikufika bei ya pakiti ya pete za mapazia. Nikaituma palepale, shemeji amesimama nyuma yangu ananyoosha shingo kuhakikisha sijapunguza. Hatukukaa sana, ujumbe ukaingia: “Imefika, mama mapazia. Hatudaiani.”

Shemeji akaipokea simu, akavuta miwani ikashuka machoni, akausoma ule ujumbe mpaka nukta. Akanirudishia.

“Haya,” akasema, “kamalizie dirisha la watu.”